Mama wa Nani?

Siku picha ya roketi ilitokea ku kioo cha ordinateri, dada Kasoki aliangusha kikombe. «Roketi tena? Hata mu butiki yangu?»

Nikamuambia: «Tulia, dada! Hii njo salamu ya Django, programu ya kutengeneza saiti za internet. Inatuambia mashini yetu iko tayari kupokea watu.»

Tulicheka mpaka machozi. Miye Umugwaneza nilikimbia vita kwetu Kingi. Mama yangu alishika njia ingine, bila telefone, na hakuna aliyemuona tena. Kasoki, mufanyabiashara wa Butembo, hakuwa hata ndugu yangu. Alinipa kitanda, ordinateri na kuran, ule umeme wa paneli yake ya jua. Mungu amubariki. Nikaapa nitatengeneza saiti ya kutafutia watu waliopotezana.

Django ni sawa nyumba yenye miti imesimama tayari. Weye unakandika tu. Somo lake la kwanza linafundisha kupigisha kura. Kura, na hii vita! Nikatoa kura, nikatia fomu ya majina kama ya karta ya utambulisho: nom, prénom, jina la ukoo na la ubatizo. Ndugu ya Kasoki kule Goma akaipandisha ku seva ionekane popote, madereva wakaitangaza mpaka Walikale.

Watu wakajiandika. Kila asubuhi nilitafuta «Nyiraneza», jina la mama. Wapi! Nilikuwa karibu kutupa ile mashini mu mutaro.

Halafu mama mumoja akaingia butiki. «Niandike, bwana yangu anione. Mama Floribert.»

«Jina la karta, mama?»

«Yoo! Hilo nani analijua? Hata yeye alishalisahau.»

Nikaacha kuandika. Na kwetu nani aliita mama Nyiraneza? Alikuwa Mama Rukundo. Rukundo ni kaka yangu, malaria ilimuchukua mbele ya kuzaliwa kwangu. Tangu utoto nilikuwa na wivu: miye niko hai, mbona haitwi Mama Umugwaneza?

Nikarudi ku kode, maandishi ya saiti, nikaongeza kisanduku: «Mama ao papa wa nani?» Mashini ikakataa, nikaitukana, ikakubali, nikajaza kwamba natafuta Mama Rukundo.

Haikupita siku nyingi, muntu wa Hombo akaandika: «Mama Rukundo wa Kingi iko kwetu», na namba ya telefone. Nikapiga, wakamuita.

«Mama, njo miye.»

Alilia sana. Halafu akauliza: «Nani alikuonyesha pahali niko?»

«Rukundo.»

«Aksanti, mutoto wangu,» akasema polepole, na nilijua haiko miye alikuwa anaambia. Siku ile sikuona wivu.