Dume la Kumtibu Babu

Dume la ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye jiwe nyuma ya nyumba pale Pasiansi, na tangu asubuhi hatulii. Anavuta kamba, analia, mchicha wa jirani, Mama Bushra, kaumaliza wote. Baba mkubwa Chenge alimleta kwa lori kutoka Magu ili auzwe, hela zimtibu baba yake, mzee Maige.

Sasa Bernadeta, mjukuu wa mzee huyo, amerudi na babu kutoka hospitali, mikono mitupu.

"Dawa ziko wapi?"

"Shikamoo baba mkubwa. Hawajatoa."

"Marahaba. Hawajatoa kwa nini? Si wamesema ni saratani ya damu?"

"Ndiyo, ila hii inakwenda polepole. Wamesema aangaliwe kwanza, arudi baada ya miezi mitatu."

"Aangaliwe!" Chenge akacheka kwa hasira. "Kwani babu yako ni mechi ya Simba na Yanga?" Akatoa mfukoni chupa ya dawa nyeusi ya miti shamba. "Baba, kunywa hii. Huko hospitali hurudi tena."

Bernadeta akamsogelea babu. Kwa daktari hakufungua mdomo, ila kila kitu alikisikia. Akaangalia chini.

"Babu... zile chembe nyeupe za damu, muda wake wa kufa umefika ila hazifi. Zinajazana tu. Ni kama zizi limejaa ng'ombe wazee, hawazai, hawakamuliwi, ndama wanakosa pa kulala."

Babu akainua kichwa. "Enhe, mke wangu, endelea."

"Dawa zake kali, zinafagia mpaka ndama. Watafiti walishawapima watu wengi, walioanza mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Ila ukikonda, ukitoka jasho usiku, tezi zikikua, tunaenda siku hiyo hiyo. Sasa ukinywa hiyo ikakudhuru, tutajuaje kipi ni ugonjwa, kipi ni chupa?"

Nje dume akalia tena.

Babu akainusa chupa, akamrudishia mwanawe. "Mrudishe dume Magu, akale. Zizi likifurika utamleta."

"Na mimi nikae tu, baba?"

"Kukaa ndiyo kazi tuliyopewa."

Chenge akaondoka amenuna, hata kuaga hakuaga vizuri.

Asubuhi iliyofuata, sare ikiwa mwilini, Bernadeta akapapasa shingo ya babu. Tezi ilikuwa kama harage. Au imeongezeka? Akapapasa tena.

"Wee, mimi siyo ng'ombe wa mnadani. Nenda shule!"

Akaenda. Kufika kona, akageuka, akarudi mbio kuishika tena ile tezi.