Kifua Kilielekea Ng'ambo

Mama Wavu aliketi kwenye jiwe lake tangu ukungu haujapanda. Kereng'ende wa msituni si kuku kwamba utamwita. Unangoja jua lipenye kwenye mwanya wa miti, lidondoke juu ya maji, naye alifuate. Jua likikataa, umekaa bure na mbu wameshiba.

Zamani kazi hii ya kuwanasa ilikuwa ya wawili. Yeye ng'ambo hii, wifi yake ng'ambo ile, kila mmoja na wavu wake. Mdudu akimkimbia huyu, anamwangukia yule. Wifi alikuwa na mdomo, mto mzima haukuweza kuuzima. "Umekaa hapo kama mzigo wa kuni," alikuwa akipaza sauti, "kereng'ende ameshapata wajukuu!" Wakicheka, vyura hunyamaza. Sasa goti la wifi limegoma, mwanawe amempeleka mjini, anakaa ghorofani asikoweza kushuka. Mume wa Mama Wavu alishatangulia. Nyumbani kuna kufuli tu.

Na mto wenyewe ulikuwa wa kuazima. Idara ya misitu ilimtaka mdudu mmoja: kereng'ende mwembamba kama njiti ya kiberiti, anayefunga mabawa mgongoni akitua, mwenye doa la njano chini ya kifua. Ana ndugu yake wa kawaida, tele kila kijito, wamefanana kama shilingi kwa ya pili, ila huyo hana doa. Mkuu wa idara alisema, "Mama, asipopatikana msimu huu, mto huu tunauacha, na kazi yako imekwisha. Utapumzika." Alilitamka neno hilo kama anampa zawadi.

Mchana jua likapenya, naye akaja. Akatua kwenye unyasi uliolalia maji, mgongo kwa Mama Wavu, kifua kimeelekea ng'ambo. Mama Wavu akazuia pumzi. Mkono ukainuka wenyewe kumpungia mtu wa upande wa pili, na hapakuwa na mtu. Alipousogeza wavu, mdudu akainuka, akavuka maji, akamezwa na giza la majani.

Akapanda kilimani kunakoshika mtandao wa simu, magoti yakimlaani.

"Nani huyo anahema hivyo?" wifi akauliza kwenye simu. "Umeibiwa au umeolewa?"

"Nimemwona, wifi."

Televisheni iliyokuwa ikisikika huko ikazimwa.

"Usinitanie."

"Mwembamba. Mabawa mgongoni. Mkia umeishia kwa buluu."

"Hata ndugu yake ana buluu. Doa je?"

Mama Wavu akatazama miti iliyokuwa chini yake. Idara walishasema, wifi akisema ndiye, basi ndiye. Kilichotakiwa ni neno njano tu, na mto ungebaki. Lilikuwa limeshafika ulimini. Na wifi angemwamini, maana hawakuwahi kudanganyana, hata juu ya kaka yake wifi, marehemu mume wa Mama Wavu, ingawa juu yake yalikuwepo ya kudanganyana.

"Sema basi," wifi akasema, sauti imelainika. "Niambie lilikuwa la njano, nami nifurahi huku juu nilikotundikwa kama nguo."

"Sikuliona. Kifua kilikuwa upande wako."

Huko kiti kikalia, wifi akijisogeza.

"Upande wangu pakoje siku hizi?"

"Magugu. Jiwe lako limevaa kijani."

"Mm." Akavuta pumzi. "Basi hatujamwona."

"Hatujamwona."

"Umekula lakini?"

"Nitakula, wifi."

Kesho yake Mama Wavu akavuka kwa kupapasa mawe, akafyeka magugu, akaketi kwenye jiwe la wifi. Jua lilipotoka likaangukia ng'ambo, kwenye jiwe lake mwenyewe, nalo lilikuwa tupu. Hakuwahi kulitazama kutoka huku. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Akakaa hapo siku hiyo, na zilizofuata. Wale wa kawaida walikuja, wakatua, wakageuka kifua kwake kama wanaomkagua. Hapakuwa na doa.

Msimu ulipokwisha, dereva wa idara akaja kumchukua na virago vyake. Akasimama ukingoni akaita, "Mama, twende, njia itateleza." Mama Wavu, bado yuko kwenye jiwe la wifi, hakuondoa macho majini. Ikabidi dereva aite tena, kwa sababu maji yalikuwa na kelele, na kwa sababu bado palikuwa na jua kidogo.