Madirisha Chini ya Kitanda

Usiku wa jana niliota nang'oa madirisha ya nyumba yangu kwa bisibisi, kwa sababu mthamini wa kodi ya majengo alikuwa ameshafika mtaa wa pili. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Siku ya kuthaminiwa, madirisha ya vioo huenda chini ya kitanda, tunatundika magunia, na tunavaa sura za kuonewa huruma.

Mthamini akaingia. Alikuwa tepu ya kupimia, amevaa tai. Nikamkaribisha kiti, akasema akiwa kazini hakunjiki.

"Baba Somoe," akaniambia, "kila dirisha unaloficha, madawati manne yanatoka shuleni. Niandike gunia?"

Kodi ile ndiyo inayoendesha shule ya kata, na binti yangu Somoe yuko darasa la tatu pale. Nilijua vizuri. Lakini ujanja ukishauzoea ni taabu kuuacha, nikamwambia aandike.

Ukuta wa sebule unafunguka. Ng'ambo ni darasa la tatu. Madawati manne yanasimama, yanaaga kwa adabu, yanatoka nje. Watoto wanabaki wamekaa hewani, kisha wanaanguka mmoja mmoja.

Kichwa changu kinaendelea kuitikia ndiyo. Vigae nilivyovifunika kwa mkeka vinaondoka na ubao wa darasa. Paa nililolipaka masizi linaondoka na mabati yao. Nyumba yangu inainama sikioni mwangu.

"Mimi ni nyumba nzuri," inasema. "Mbona unanionea aibu?"

Somoe amebaki katikati ya uwanja mtupu, daftari kichwani kujikinga na jua.

"Baba, nisogee wapi?"

Naogopa sana. Napiga magoti, namwomba mthamini aandike upya: vioo, vigae, hata choo cha ndani ambacho bado sijakijenga.

"Hakuna aliyewahi kukata rufaa ili apandishiwe kodi," anasema. "Fomu hiyo hatuna."

Nikaamka, kumekucha. Somoe, sare mwilini, alikuwa anaburuta kigoda cha jikoni kuelekea mlangoni. Nikamuuliza anakipeleka wapi.

"Shule. Mwalimu kasema safu yetu tuje na vya kukalia. Madawati yetu yametoka."

Nikamuuliza nani kayatoa. Akanitazama, akaendelea kuburuta kigoda.