Tundu la Kofia ya Kassimu

Tangu nitoke Muyinga, wanaume wananijia usingizini. Nikijilaza kidogo baada ya swala ya adhuhuri, hapa nyumbani Gitega, mara wamesimama mlangoni, kila mmoja na kofia niliyoishona mi kichwani, vumbi la Tanzania miguuni. Wanangoja niwakaribishe. Nawatazama mmoja mmoja, namtafuta Kassimu, simuoni. Nikiamka nina hasira hata chai hainishuki.

Kosa ni la Upendo, kiongozi wetu wa ushirika. Bon, na langu kidogo.

Mi ni Amisa, mshona kofia. Katika mtaa wetu kofia haitoki kwa fundi ikiwa imekwisha. Matundu yote tunayazungushia uzi, isipokuwa moja, la juu ya paji la uso. Hilo tunaliacha wazi, uzi wake tumeuviringa kwa ndani, alifunge mtu wa nyumbani kwa mwenye kofia: mama, mke, dada. Na anayelifunga ndiye anayemngoja arudi. Hivyo nilifundishwa, na hivyo nafundisha.

Kassimu ni mume wangu. Mwaka ule wa fujo, 2015, alijitwisha mzigo wa kofia kwenda kuuza Tanzania. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nifunge tundu lako." Akacheka. "Gari iko inaondoka. Utalifunga nikirudi." Ulimi wangu nao hauna breki. Nikamjibu, "Haya! Basi sifungi tundu la mtu yeyote mpaka nifunge la kwako, umesikia?" Akasema amesikia.

Baadaye wachuuzi wakaleta habari. Mzigo ulishikwa kwa kukosa karatasi, na Kassimu akaona aibu kurudi mikono mitupu. Aibu! Kwani mi nilikuwa nataka kofia au nataka mume? Tangu hapo sikufunga tundu, hata Raissa, binti yangu, alipoolewa. Kofia ya bwana harusi Raissa aliifunga mwenyewe.

Siku hizi iko tofauti. Nchi imo Jumuiya ya Afrika Mashariki toka zamani, ila sasa tumejua kwamba kitu kilichotengenezwa kwetu kinavuka bila ushuru, mradi kiwe na sertifika ya kuonyesha kimetoka wapi. Upendo ndiye aliyetuamsha. Amekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, sasa analima Mutaho, na hajui kukaa kimya. Akatukusanya wanawake tukafanya ushirika, akahangaika na karatasi zote. Ofisi ikataka sampuli ya kofia. Mwenzangu akaenda kwa jirani Saidi akaazima kofia yake ya Ijumaa, kwa sababu ilikuwa safi. Kofia ambayo mama yake Saidi aliifunga tundu zamani!

Tulifika ofisi ya Muyinga, karibu na mpaka, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Mkaguzi, Leonardi, kijana mpole wa miwani, akaweka kofia ya Saidi kando ya zetu.

"Mama, sampuli iko nzima. Hizi zote ziko na tundu halijamalizwa. Ni kasoro."

"Kasoro ni we!" nikamwambia. Upendo akanikanyaga mguu.

"Pole, mama. Sheria inasema mali ifanane na sampuli. Mkizifunga leo, leo napiga muhuri. Mkikataa, mtaanza upya."

Wenzangu walikuwa wameuza mbuzi ili tupate kitambaa na uzi. Ningewarudia na nini? Upendo akaninong'oneza, "Shangazi, nipe sindano, nizifunge mimi. Wewe usiguse." Nikampa kofia moja. Akaishona kama gunia la maharage. Nikamnyang'anya.

Nikakaa barazani. Ukungu uliingia mpaka mapajani, sauti za watu zikawa mbali, nikabaki mi na sindano. Kila tundu nililofunga nilimwona atakayeivaa kofia: huyu anauza vitunguu, huyu anafundisha madrasa, huyu ni dereva, anasinzia. Nikawa nawaambia polepole, nenda salama, nakungoja. Nililia, sifichi. Ukungu ulipoinuka zote zilikuwa zimefungwa. Leonardi akapiga muhuri, Upendo akavuka nazo mpaka wa Kobero, mi nikarudi Gitega.

Jana Upendo amerudi. Ameuza zote, lakini hakuwa na uso wa mtu aliyeuza.

"Shangazi, kaa."

"Nimekaa. Sema."

"Sokoni Ngara alisimama mzee mmoja. Akachukua kofia yako, akapapasa hapa mbele. Akachukua nyingine, na nyingine. Akaniuliza nani amezifunga. Nikamwambia, Amisa wa Gitega, mwenyewe. Akasema, 'Basi amefunga.' Akazipanga vizuri, akaenda zake. Nilipokuja kuelewa, nikamkimbilia, nikamkosa kwenye watu."

Nikamshika mkono. "Kichwani alivaa nini?"

"Kofia kuukuu, yenye nakshi ya majani kama unayoshona wewe."

"Na hapa?" Nikamgusa juu ya paji la uso.

"Palikuwa wazi, shangazi. Uzi bado unaning'inia."

Ya Rabi! Miaka yote hiyo hakumpa mwanamke mwingine alifunge. Na sasa anajua mi nimeacha kumngoja! "Kassimu, mjinga we, ungeuliza!" nikapiga kelele mpaka jirani akaja kutazama kuna msiba gani. Upendo akanishika mpaka nikatulia, nikalala hapo hapo mkekani. Wanaume walikuwepo mlangoni, ila safari hii wamenipa mgongo, wote wanatazama barabara ya Muyinga. Nikapita katikati yao. Hakuna aliyenizuia.

Asubuhi hii nimechukua kofia mpya, ya majani, tundu lake wazi kama la Kassimu. Upendo akatikisa kichwa.

"Hiyo haipiti, shangazi. Haifanani na sampuli."

"Kwani nimekwambia naiuza?"

Nikaivaa juu ya mtandio wangu, uzi unaning'inia usoni. Upendo akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaenda kutafuta viatu vyake. Leonardi akinisimamisha nitamwambia, mwanangu, hii si mali. Hii ni nguo yangu, na mi iko naenda Ngara kumtafuta mume wangu. Sindano nimeichomeka kwenye gauni, kifuani.