Folda Mbili za Jina Moja

…zima uwashe, anasema, utadhani seva ni redio ya betri, unaipiga kofi inaitika, na Nthatuoa kabana simu kwa bega, blanketi magotini kwa baridi hii ya Maseru, amri ya kuzima keshaiandika, kidole juu ya kitufe, bado kubonyeza tu… "Ausi, dada yangu, unanisikia? Jana jioni nimefuta folda nzima, na diski bado inasema imejaa! Zahanati haziwezi kuhifadhi hata picha moja ya eksirei," ndiye Ntate Ramakatsa huyo, ntate yaani baba, kwa adabu tu, mkuu wa kitengo, cheo alichokitolea jasho Nthatuoa miaka sita wakampa mwenye tai, umefuta, ndiyo, nimeona ulichofuta, uliona folda mbili za jina moja, moja mahali pa kawaida pa hifadhidata, nyingine kwenye diski kubwa, ukasema hii ni ya ziada, ukaiondoa ile kubwa, kumbe ile ya kwanza ni kibao tu cha kuonyesha njia, mafaili yenyewe niliyahamishia huku, ungeuliza, lakini mkuu anamuulizaje mwanamke… "waambie basi wasubiri, sijui…" anaongea na mtu mwingine sasa… na diski imejaa kwa sababu mafaili hayajafa, majina ndiyo yamefutika, hifadhidata bado imeyashika mkononi, Linux, mfumo unaoendesha seva hii, haitupi kitu kilichoshikwa, ukihesabu mafolda unaona nusu tupu, ukiiuliza diski inasema imejaa, na katikati ya majibu hayo mawili ndimo vilimo vifua vya wachimba migodi elfu arobaini na moja, mashine ikizimwa mkono unaachia, basi, hakuna wa kuvirudisha. Kwa hiyo kuwa mtiifu, Nthatuoa, bonyeza, aliyefuta ni yeye, aliyeagiza ni yeye, kesho atoe maelezo na tai yake, raha iliyoje, Mungu amsamehe, ni raha kweli… ila kifua cha baba kimo humo, baba yake wa kule Mafeteng anayekohoa mpaka kuku wanatimka, picha ya mwaka aliorudishwa kutoka mgodini, filamu yenyewe ilichomwa pamoja na nyingine zilipokwisha kuingizwa kwenye mashine, na wiki ijayo madaktari wanakaa kuamua nani alipwe fidia ya vumbi la mgodi, bila picha hiyo kikohozi chake kitaitwa cha tumbaku… si zipo nakala, kila Ijumaa nakala huenda kwenye… haziendi. Haziendi tangu Machi. Siku ile Ramakatsa anapigiwa makofi kwa cheo kipya, watu wanakula makoenya, maandazi ya sherehe, Nthatuoa alirudi kwenye kiti hiki akaizima ratiba ya nakala, si kazi yangu, mkuu aagize, na mkuu hakuagiza kwa kuwa hakujua kuna cha kuagiza, miezi mitano Nthatuoa anangoja aanguke, jibu analo tayari, hukuniagiza, Ntate, lisemee moyoni uone lilivyo tamu, kisha kamwambie baba, hawakuniagiza, baba… wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, uongo, huingia mzee wake… "Ausi Nthatuoa! Au umelala? Nahesabu mpaka tatu nije mwenyewe," njoo, usije, usiguse kitu, dakika arobaini zinatosha kuyanakili mafaili kwenye diski ya nje yakiwa bado yameshikwa, lakini itabidi amwambie asubiri, naye atauliza kwa nini, kisha atauliza swali ambalo hata mjinga angeuliza, nakala ziko wapi, na hapo hawatakuwa tena mjinga mmoja na mjuzi mmoja, watakuwa wawili waliofuta, mmoja kwa kutojua… "Umebonyeza?" Kidole kiko palepale. "Bado, Ntate," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kumtukana ndani kwa ndani.