Bomba la Kwenda kwa Mama Mkwe

Jilala alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio ulioleta joto Segese, mji ambao haukuwa umemwomba mtu yeyote joto.

Yote yalianza na sanduku alilolinunua mjini Isaka, kwenye mnada wa mizigo iliyokosa wenyewe. Halikuruhusiwa kufunguliwa kabla ya kulipiwa. Jilala, ambaye alikuwa na karasha ya kusagia mawe ya dhahabu, alilisukuma kwa goti, akaapa kwamba ndani mna mota. Lilipofika nyumbani likavunjwa mbele ya majirani, wakatoa boila ya kuni, pampu, na rejeta sita. Si rejeta za gari, ni zile za kutundika ukutani: mtambo mzima wa kupasha nyumba joto, wa huko kwenye theluji. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtu mwingine angecheka nao yakaisha. Jilala akakunja uso, akasema, "Mnacheka nini? Hiki ndicho nilichokifuata."

Basi, hapo ameshajifunga mwenyewe. Akaifunga boila jikoni, akapitisha mabomba sebuleni na chumbani, akawasha. Jamani! Mishumaa ya kanisani ya Mektilda, mkewe, ilipinda kabatini kama ndizi. Liaquat, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyemuuzia mabomba, alikaribishwa sebuleni, akakaa kidogo, akaomba chai yake aletewe barabarani. Familia ikahamia kulala barazani. Na kila asubuhi Jilala, shati limemganda mgongoni, alisema nyumba sasa imekuwa nyumba.

Mektilda alivumilia, maana alikuwa na lake moyoni. Mama yake, Mayu Limi, alibaki peke yake Buseresere tangu alipofiwa na mume, na mwaka huo alianza kusikia baridi isiyo na adabu. Hospitali hawakuona malaria wala chochote. Mchana wa jua kali bibi alikaa nje na sweta mbili na blanketi, anatetemeka. Mektilda akamleta Segese. Lakini mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, hilo kwa Wasukuma halina mjadala. Hata wakikutana njiani, mmoja hukata kona akaingia majanini. Kwa hiyo akapewa banda la gari, ng'ambo ya uwanja, lililopakwa chokaa na kuwekwa kitanda. Hazikupita siku nyingi akasema baridi ya humo inamng'ata mifupa, anarudi kwake.

"Akirudi narudi naye, Baba Monika," Mektilda akamwambia mumewe. "Simwachi mama yangu afe anatetemeka peke yake. Wewe baki na rejeta zako."

Jilala alishtuka kweli, kwa sababu mkewe hakuwa mtu wa vitisho. Na hapo hapo, aibu hata kusema, akafurahi. Mtu mwenye baridi! Ndani ya ua wake mwenyewe!

Akaanza kuchimba mtaro kutoka nyumbani hadi bandani. Sasa, Segese ukionekana unachimba, huwezi kueleweka vingine. Jioni haijafika watu wamejaa ukutani wanauliza kama ameuona mwamba wa dhahabu.

"Ni bomba la kwenda kwa mama mkwe," akawajibu. Hakuna aliyeamini.

Mabomba yakavikwa magunia yasipoteze joto njiani, yakafukiwa. Rejeta mbili kati ya zile sita akazitoa ziende bandani, ila kuingia hakuweza, chumba ni cha mkwe. Akaingia Liaquat na spana, huku Jilala amesimama nje, mgongo dirishani, anafoka: "Kaza! Si hiyo, ya chini!"

Joto likafika. Bibi akavua blanketi, kesho yake akavua sweta, zote mbili. Akaomba ugali, akaomba nyongeza. Mektilda alilia kwa furaha, akamchinjia mumewe kuku. Jilala akauzunguka mji kifua mbele.

Halafu Mayu Limi, mwanamke mwenye akili zake timamu, akauliza, "Haya maji ya moto yanatoka wapi?"

"Jikoni, mayu. Kwenye boila."

"Yakitoka jikoni yanapita wapi?"

Mektilda akamweleza. Yalipita sebuleni, yakaingia chumbani, yakazunguka nyuma ya kitanda, ndipo yakavuka uwanja.

"Yaani yanapita kitandani kwa mkwe wangu, halafu yanakuja kulala na mimi?" Bibi akavuta kanga, akaanza kufunga furushi.

Jilala akaja mbio, akageuza mgongo uwanjani. "Mwambie mama maji hayana macho!"

"Mwambie mkwe wangu," bibi akajibu kutoka ndani, ingawa walisikiana vizuri kabisa, "nyumba zilizounganishwa kwa bomba ni nyumba moja. Tumelala nyumba moja! Aibu hii nitaipeleka wapi mimi?"

"Basi nitayageuza. Yaanze kwake, ndipo yaje kwetu!"

Hata Liaquat, aliyekuja kutazama tu, akashika kichwa. "Sasa hapo umeharibu kabisa, ndugu yangu."

Mektilda akatoka ndani ya nyumba na begi. Halikuwa la mama yake, lilikuwa lake. Jilala akalitazama. Akatazama na dirisha la sebule, rejeta zake zinang'aa, maana alizifuta kila Jumapili. Akizing'oa, Segese nzima itajua walicheka kwa haki.

"Nilidhani ni mota, Mama Monika," akasema.

"Najua. Kila mtu anajua."

Akachukua spana. Akaing'oa boila jikoni, akaisimika uwanjani chini ya bati, bomba moja la kwenda bandani na moja la kurudi, basi. Rejeta za nyumbani akazitupa kando ya ukuta, kuku wakazipanda. Bibi akaukagua mtaro kwa fimbo yake, urefu wote, Jilala amejificha nyuma ya choo mpaka akamaliza. Ndipo akafungua furushi. Mektilda akarudisha begi ndani, kwenye nyumba iliyoanza kupoa.

Siku hizi mtambo unasifiwa. Vikongwe wa mtaa mzima hujazana bandani, wanakanda viuno, wanamwombea dua aliyeuleta. Aliyeuleta ndiye peke yake asiyeweza kuingia kuuona ukifanya kazi. Yeye ni wa kuni. Bibi akisikia baridi hugonga bomba kwa kijiko, naye anachochea.

Asubuhi moja alikuwa ameshajaza kuni, na bomba likagongwa, polepole. Akaingiwa na hofu. "Mama Monika! Nenda kamwone, ana baridi!"

Mektilda akaingia, akatoka anacheka. "Hana baridi. Anauliza umeamkaje."

Jilala akatazama kushoto na kulia. Liaquat alikuwa anapita barabarani, akasimama. Aangalie tu. Jilala akavua kofia, akapiga goti kwenye majivu, akaliinamia bomba.

"Mwangaluka, mayu," akaliamkia.

Bomba likagongwa tena, mara mbili.