Rangi za Kontena ya Kirezi

Illuminée alikuwa anafunga sukari kwenye vipande vya gazeti, robo kwa robo, Kabera alipotua ndoo ya rangi ya kahawia mlangoni pa kontena, macho chini.

"Mama Umutoni, nisamehe. Konseye amenituma. Nifunike yote."

"Yote nini?"

"Hii." Akapiga bati kwa kiganja. Machungwa juu, bluu chini, na neno KIREZI jeupe, kubwa kuliko mlango. Alilichora mwenyewe miezi mitatu iliyopita, siku nne juu ya ngazi, na ukiwa ng'ambo ya njiapanda ya Sonatubes unalisoma bila shida.

Kontena yenyewe haikuwa ya Illuminée. Ilikuwa ya kiwanda cha sabuni ya Kirezi, na mapatano yalikuwa mafupi: beba rangi zetu, uza humo bila kodi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wakala wao, Arnaud, anakuja na kamera na kikadi chake cha rangi, anakibandika kwenye bati kuona kama machungwa yamepauka. Rangi zikikosekana, lori linabeba kontena. Na leo ndiyo Ijumaa yenyewe! Arnaud anafika saa nane.

Shida ilianza Jumapili. Chama kipya kilifanya mkutano, kikapandisha bendera yake. Machungwa juu, bluu chini.

Konseye, kiongozi wa mtaa, hakukawia kumfuata Kabera. Alikuja na Valens, mkubwa wa vijana wa chama chake, fimbo mkononi, na nyuma yao wanaume sita ambao hawakusalimia mtu.

"Umehamia kule, mama?" Valens akauliza.

"Mimi niko nauza sabuni."

"Na bendera."

"Wewe Valens! Sabuni hii uliiogea Pasaka, chama hicho hakijazaliwa. Sabuni iko na kadi ya chama wapi?"

Mteja mmoja akacheka, akaiona fimbo, akaondoka bila sukari yake.

"Saa sita," konseye akasema. "Ikibaki hivi, vijana sitawazuia."

"Basi niandikie karatasi, konseye. Kwamba ni amri yako. Nimwonyeshe Arnaud."

"Karatasi ya nini? Mimi nimekushauri tu."

"Unashauri na fimbo?"

Konseye alishageuka kuondoka. Wale sita walibaki ng'ambo, wamechuchumaa, wanatazama.

Kabera akapaka. KIREZI ilikataa kufa. Weupe ulitokeza chini ya kahawia, ikabidi arudie mara ya pili. Illuminée aliwaza tu lile turubai lake la zamani, sukari inalowa mvua, askari wa komini wanamkimbiza kando ya barabara. Miaka minne ya hivyo. Hapana.

"Kabera, nyeupe imebaki?"

"Kidogo."

"Niandikie maneno."

Aliposikia ni maneno gani, Kabera akashuka ngazi. "Mama, usinitafutie kifo."

"Basi nipe brashi."

Akapanda mwenyewe. IMEFUTWA KWA AMRI YA KONSEYE. Herufi zililala upande, nyingine nene, nyingine nyembamba kama uzi. Kabera alizitazama mpaka zikamshinda. Akaangalia ng'ambo, akatema mate, akamnyang'anya brashi, akamalizia tarehe kwa mkono wake mzuri: IJUMAA, 5 JUNI 1992.

Saa nane Arnaud akafika. Akabandika kikadi kwenye kahawia, akakitoa, akasoma maneno. Akasoma tena. Akapiga picha.

"Nimeelewa, mama. Lakini kampuni haitaki maneno na viongozi. Jumatatu lori linakuja."

"Hata kama kosa si langu?"

"Picha nitaipeleka," Arnaud akasema, na kwenye gari lake akaingia haraka.

Watu walikuwa wanasimama. Mmoja anamsomea mwenzake, huyo anamwita wa tatu. Konseye alirudi anakimbia, tai imeruka begani, Valens nyuma yake.

"Futa!"

"Huo nao ni ushauri?" Illuminée akauliza.

Hakuna aliyecheka. Valens akapita mbele taratibu, akatoa kijitabu mfukoni na penseli.

"Jina lako lote."

Kabera alimvuta Illuminée kitenge kwa nyuma. Yeye akakitoa mkononi mwake.

"Illuminée Gahongayire." Kisha akalitaja herufi moja moja, polepole, akiingoja penseli imfikie, na kila baada ya herufi mbili tatu akiinama kuangalia kama Valens ameandika sawa.